Mlango wa Kuombea Radhi: Ubinafsi na Dhamiri katika Riwaya za Watu wa Ukerewe

Wasomaji wa kurasa hizi wengi ni watu wa maji ya chumvi. Wamelelewa na tenzi na mashairi, na wanapotaka kumjua mtu mwema na mtu mwovu huwaendea washairi, ambao tangu zamani wamebeba kazi ya kuonya na kuusia. Mimi nawaandikia kutoka Buzuruga, mjini Mwanza, penye maji baridi, na mada yangu leo si ushairi, ingawa ushairi na tafsiri ndizo kazi zangu. Nataka kuzungumza juu ya watu ambao hawajapata kuzaliwa, yaani wahusika wa hadithi na riwaya. Nauliza wema wao unatoka wapi, ubinafsi wao unatoka wapi, na dhamiri yao hukaa mahali gani. Swali hilo nitalifuata kwa njia ya historia, nikipitia vitabu vya wana wa kisiwa kimoja tu, Ukerewe, kisiwa ambacho kimeipa lugha yetu waandishi watatu ambao haiwezekani kuisimulia riwaya ya Kiswahili bila ya kuwataja: Aniceti Kitereza, Euphrase Kezilahabi na Gabriel Ruhumbika.

Kwanza nikiri deni. Mimi si mtu wa vyuo. Niliishia darasa la saba, na Kiswahili nilicho nacho nimekiokota katika vitabu vya kuazima. Mwaka 1993, nilipokuwa kijana niuzaye magazeti na vitabu vikuukuu kando ya barabara ya Musoma, mzee mmoja wa Kikerewe, mchuuzi wa dagaa aliyepanga chumba jirani na chetu hapa Buzuruga, aliniazima kitabu. Kilikuwa juzuu ya kwanza ya riwaya ya Kitereza, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Aliniambia, "Kisome polepole, mwanangu, kisha unirudishie. Hicho hakipatikani tena dukani." Nilikisoma polepole mno. Mwaka ukapita. Mzee alipomtuma mjukuu wake kukiulizia, nilimjibu mtoto kwamba nilikwisha kukirudisha. Mtoto akaenda zake. Mzee hakutuma tena mtu, na kila tulipokutana njiani alinisalimu kama kawaida yake. Baadaye akarudi kwao Ukerewe, na kitabu kikabaki kwangu. Nikawa nasoma habari za watu wema katika kitabu cha dhuluma. Jambo hili nitalirudia mwishoni. Nimelitaja sasa ili msomaji ajue kwamba swali la dhamiri silichukui kuwa swali la darasani.

Tuanze na maneno, maana mfasiri hana pengine pa kuanzia. Neno "ubinafsi" limejengwa juu ya "binafsi", nalo limetoka katika Kiarabu likiwa na maana ya "kwa nafsi". Kwa asili yake halina ubaya: mtu atendaye jambo binafsi amelitenda yeye mwenyewe, basi. Ubaya uliingia pale nafsi ilipogeuzwa kuwa tabia, mtu akawa hana mwingine ila yeye. "Dhamiri" nayo ni ya Kiarabu, na katika asili yake mna maana ya jambo lililofichwa ndani. Jamaa yake ni "dhamira", yaani nia. Maneno yote mawili, la sifa mbaya na la sifa njema, yanatuelekeza ndani ya kifua cha mtu. Lakini lugha yetu inalo neno jingine la zamani zaidi, "utu", na neno hili halielekezi kifuani. Mtu husemwa kuwa ana utu au hana utu na wale waliomwona akitenda. Utu huonekana mlangoni, shambani, msibani na penye chungu cha chakula. Ninavyoona mimi, historia ya mtu mwema katika hadithi zetu ni historia ya dhamiri kuhama baina ya mahali hapo pawili: mbele za watu, na mafichoni mwa moyo.

Kabla ya kuvuka kwenda ziwani, tumsalimu mwalimu wetu sote. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, aliwapa wahusika wake majina ambayo yalikwisha kuwahukumu kabla hawajatenda lolote. Katika Kusadikika, kilichotoka mwaka 1951, Karama anasimama kizimbani na mshitaki wake ni Majivuno. Katika Adili na Nduguze, kilichotoka mwaka 1952, ndugu wawili wa Adili ni Hasidi na Mwivu. Wako wasomaji wa leo wanaoona kwamba huo ni udhaifu, kwamba mtu aitwaye Mwivu hana nafasi ya kuwa mtu mwingine. Nami niliwahi kusema hivyo kwa kujitapa, nilipokuwa sijasoma vya kutosha.

Hebu tutazame kwa makini. Hasidi na Mwivu wanamtosa ndugu yao baharini kwa sababu ya wivu. Wanageuzwa manyani, na Adili anaamriwa na jini Huria awachape kila usiku. Adili anachapa, na baada ya kuchapa analia, anawabembeleza na kuwalisha. Wema wake basi haumo katika jina. Umo katika yale machozi baada ya kiboko, kwa maana hakuna aliyemwamuru kulia. Katika Alfu Lela Ulela kimo kisa cha kale kinachofanana sana na hiki, na mwisho wake ni kwamba nduguze mtu yule wanamuua. Shaaban Robert hakuukubali mwisho huo. Kwake yeye manyani wanarudishiwa umbo la binadamu, wanatubu, na toba yao inapokelewa. Mwandishi aliyewapa majina ya kuwafunga ndiye huyohuyo aliyewafungulia mlango watoke. Neno hilo, mlango, naomba msomaji aliweke akilini.

Sasa tuvuke maji. Aniceti Kitereza alizaliwa Ukerewe mwaka 1896, katika ukoo wa watawala wa kisiwa hicho. Alisomeshwa na wamisionari katika seminari ya Rubya, upande wa Bukoba, akajifunza lugha kadhaa za kigeni pamoja na Kilatini, kisha akarudi kisiwani na kuishi muda mrefu karibu na misheni ya Kagunguli akifanya kazi ya katekista na mfasiri. Alimwoa Anna Katura. Watoto waliowapata hawakuishi. Katika nchi ambayo mume wa namna hiyo alitazamiwa kutafuta mke mwingine, Kitereza hakumwacha mkewe wala hakumwongezea mwenzake. Padri Almas Simard, Mkanada, alimtia moyo aandike habari za maisha ya wazee wake kabla hazijasahauliwa. Mwaka 1945 alikuwa amemaliza riwaya ndefu kwa lugha ya Kikerewe.

Riwaya hiyo ilikaa miaka thelathini na mitano bila ya kuchapishwa, kwa kuwa wachapaji hawakuona nani ataisoma. Mwishoni mwa miaka ya 1960, akitiwa moyo na mwanahistoria wa Kimarekani Gerald Hartwig aliyekuwa akiichunguza historia ya Ukerewe, mzee huyo aliifasiri kwa Kiswahili yeye mwenyewe. Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam iliitoa mwaka 1980 katika juzuu mbili. Kitereza alifariki mwaka 1981, kabla ya kukishika mkononi kitabu chake kilichochapwa. Mimi ambaye nimefasiri mashairi machache na kulalamika sana juu ya malipo, kila nikumbukapo habari hii hunyamaza.

Kisa chenyewe ni chepesi kusimulia. Myombekere na Bugonoka ni mume na mke wapendanao, lakini hawana mtoto. Jamaa za mume wanamsema mke kwa maneno ya kuumiza, na wazazi wa mke, kwa uchungu wa binti yao, wanakuja kumchukua. Myombekere anabaki peke yake nyumbani. Hapo ndipo kitabu kinapoanza kufundisha. Mume huyu hakumtukana mkewe. Waliotukana ni jamaa zake. Angeweza kusema kwamba yeye hana kosa. Badala yake anashika njia kwenda ukweni, anainamisha kichwa, anasikiliza lawama ambazo si zake zote, na anatozwa pombe ya ndizi. Basi Myombekere anarudi nyumbani kutafuta ndizi, kuzivundika, kuzikamua, kuomba msaada wa majirani, na kuisafirisha pombe hiyo hadi kwa wakwe. Ukurasa baada ya ukurasa tunaitazama kazi hiyo. Baada ya hapo ndipo mke anarudi, ndipo anapatikana mganga Kibuguma, na hatimaye wanazaliwa Ntulanalwo na Bulihwali.

Wapo waliosema kwamba kitabu hiki ni kumbukumbu za mila zilizovishwa nguo za riwaya, kwa sababu kinaeleza mno jinsi ya kusalimiana, kulima, kupika na kutibu. Nadhani hawakuona kwamba kwa Kitereza adabu hizo ndizo dhamiri yenyewe. Watu wake hawakai kitandani usiku wakijihoji. Mtu akikosea, au jamaa zake wakikosea kwa niaba yake, upo mlango unaojulikana wa kuombea radhi, yupo mtu anayekaa nyuma ya mlango huo, na iko bei. Bei hiyo si kubwa hata imvunje mtu, wala si ndogo hata asiione. Msamaha unapimwa kwa mitungi, nao ukishanywewa na watu wazima wakishuhudia, umekwisha. Hakuna wa kuufukua tena. Ubinafsi katika ulimwengu huo ni kule kukataa kubeba mtungi.

Historia haikuuacha ulimwengu huo ulivyokuwa, na ukweli ni kwamba hata Kitereza mwenyewe aliuandika ukiwa tayari unaondoka. Ukerewe ilikuwa imekwisha kufanya biashara ya mbali katika karne ya 19, ikikutana na bidhaa na wafanyabiashara wa pwani. Kisha ukaja ukoloni, misheni na pamba. Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, neno ubinafsi lilitoka katika nasaha za wazee likaingia katika siasa. Azimio la Arusha lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967, na ndani yake mlikuwa na masharti ya uongozi: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni yoyote, asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Oktoba ya mwaka huohuo Mwalimu Julius Nyerere alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, mwendo wa zaidi ya kilomita 200, kuliunga mkono Azimio hilo. Njia ya Musoma ndiyo inayopita hapa kwetu Buzuruga kabla ya kuingia mjini. Mimi nilikuwa sijazaliwa, lakini wazee wa njia hii waliisimulia safari hiyo kwa miaka mingi, na wengine waliisimulia kama wasimuliavyo hadithi, yaani kwa kutaka kujua kama mtu mwema wa namna hiyo aweza kuwapo kweli.

Mwalimu naye alikuwa mfasiri, na alipokuwa akitembea na Azimio lake alikuwa pia anatembea na Shakespeare. Mwaka 1963 ilitoka tafsiri yake ya Julius Caesar, na mwaka 1969 ikatoka Mabepari wa Venisi. Lifikirie jina hilo. Shakespeare alimtaja mfanyabiashara mmoja wa Venisi. Nyerere akaandika mabepari, wengi. Watu wameona hapo siasa ya wakati ule, na siasa imo. Lakini mimi naona pia hukumu ya mfasiri juu ya dhamiri. Kwa jina hilo mkopeshaji Shylock hawezi tena kubeba ubaya peke yake, maana wale wanaomcheka mahakamani nao wameishi kwa mitaji, faida na mikopo. Neno moja la wingi limefanya kazi ya kurasa nyingi za maelezo. Ni onyo kwetu sote tupendao kuuweka ubinafsi katika mhusika mmoja, tukamtemea mate, kisha tukafunga kitabu tukiwa wasafi.

Katika miaka hiyohiyo, kijana wa Namagondo, palepale Ukerewe, alikuwa anasoma. Euphrase Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944, akapitia seminari ya Nyegezi hapa Mwanza, kisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika, ilitoka mwaka 1971, na kwa muda ilikatazwa kusomwa mashuleni. Baadaye mashule hayohayo yakaifanya kitabu cha kufundishia. Zilifuata Kichwamaji mwaka 1974, Dunia Uwanja wa Fujo mwaka 1975 na Gamba la Nyoka mwaka 1979. Alifariki Januari 2020.

Mengi yamesemwa dhidi ya Kezilahabi, na hasa na watu wa pwani: kwamba amevunja vina, kwamba amejaza vitabu uzinzi na kukata tamaa, kwamba katika riwaya zake hamna mtu mwema wa kufuatwa. La vina tuliache leo. La mtu mwema nataka kulijibu, kwa sababu nimeishi nalo muda mrefu.

Mtazame Rosa. Baba yake Zakaria, mlevi, anamlea kwa kiboko, na kwa sababu ya barua ya mvulana aitwaye Charles anampiga kipigo kisichosahaulika. Rosa anafika sekondari ya wasichana mjini Mwanza akiwa hajui kusema na mwanamume wala kumkataa. Anapotea, anapotea sana, kisha anachoka na upotevu na kutaka kuwa mtu mpya. Hapa ndipo penye kisu. Dhamiri yake imeamka, toba yake ni ya kweli, na Charles yuleyule wa barua anataka kumwoa. Lakini Charles anapojua kwamba hakumkuta bikira anamwacha. Rosa anajiua. Waliosema kwamba kitabu hiki hakina maadili hawakuuliza swali hili: ni nani katika kitabu aliyekuwa na ubinafsi zaidi, binti aliyekosea na kujuta, au wale ambao hawakuwa na mahali pa kuipokea toba yake?

Mtazame na Kazimoto wa Kichwamaji. Ni msomi, ana maneno makali kwa kila mtu, na amebeba kisasi dhidi ya Manase, aliyemharibia dada yake maisha. Kisasi hicho anataka kukipitisha kwa Sabina, dada yake Manase, na mwishowe anamwoa. Kwa muda tunadhani kwamba mapenzi yatamponya. Kumbe katika ujana wake Kazimoto naye ameishi maisha yaleyale aliyomchukia Manase kwa ajili yake, na mtoto wake anazaliwa na kasoro ileile ya mtoto wa adui yake. Anajiua. Huyu ndiye mhusika ambaye watu humtaja kuwa hana dhamiri. Mimi nasema hana kitu kingine ila dhamiri, nayo imemgeukia kama moto usio na kuni nyingine za kula. Anajua kosa, anajua mkosaji, na mkosaji ni yeye. Ukwe anao, lakini hakuna wa kumtoza mtungi wa pombe.

Na Tumaini wa Dunia Uwanja wa Fujo? Anarithi mali na kuitapanya katika anasa, kisha anajikusanya na kuwa mkulima mkubwa. Siasa ya Ujamaa inapoyafikia mashamba yake anamuua kiongozi wa serikali, naye anahukumiwa kifo. Kezilahabi hakumfanya Tumaini kuwa bepari wa katuni. Alimpa bidii, akampa jina zuri kuliko yote, halafu akatuonyesha mtu ambaye alijirekebisha kwa ajili ya nafsi yake tu, na kwa hiyo alipopoteza mali hakubakiwa na kitu cha kumzuia mkono.

Wakati huohuo, kule visiwani kwenu, Mohamed Suleiman Mohamed aliandika Kiu, iliyotoka mwaka 1972, yenye watu watatu, Bahati, Idi na Mwinyi, kila mmoja na kiu yake. Nalitaja jambo hili ili asidhani mtu kwamba giza lilitoka ziwani. Bahari na ziwa, katika muongo mmoja, vililiona jambo moja: nafsi imebaki peke yake na haja zake.

Kwa hiyo nikiwaweka wazee hawa wawili wa kisiwa kimoja bega kwa bega, siwezi kusema kwamba Kitereza aliamini wema na Kezilahabi hakuuamini. Baina ya Kagunguli na Namagondo si safari ndefu, na baina ya mwaka 1945 na 1971 si miaka mingi. Tofauti yao ni mlango. Kwa Kitereza mkosaji ana pa kwenda. Kwa Kezilahabi mkosaji amejua kosa lake kwa ndani, pengine kwa undani kuliko Myombekere alivyopata kujua, lakini akienda kubisha hodi haitikiwi. Shule, mji, fedha na dini ya kuungama sirini vimempa dhamiri ya mafichoni, na vimemwondolea baraza ya wakwe. Wanaomlaumu kwa kuwaua wahusika wake wanafanana na mtu amlaumuye mpiga mbiu kwa moto.

Wa tatu ni Gabriel Ruhumbika, aliyezaliwa Ukerewe mwaka 1938. Mwaka 1992 alitoa Miradi Bubu ya Wazalendo. Mwaka mmoja kabla yake, Februari 1991, chama tawala kilikutana Zanzibar na kuyalegeza yale masharti ya uongozi ya mwaka 1967. Ndilo jambo ambalo watu wameliita Azimio la Zanzibar. Sitaki kudai kwamba riwaya iliandikwa kwa sababu ya kikao. Lakini jina lake lingeweza kubandikwa juu ya mlango wa miaka ile. Uzalendo ni sifa njema, mradi ni neno la maendeleo, na "bubu" ndilo linaloyafichua yote mawili. Ubinafsi umepata lugha ya wema na kujifunza kunyamaza. Huyu si Majivuno wa Shaaban Robert ambaye jina lake linamshitaki. Huyu anaitwa ndugu, na anahutubia.

Ni Ruhumbika huyohuyo aliyetumia miaka kukifasiri kitabu cha Kitereza kwa Kiingereza kutoka katika Kikerewe chenyewe, tafsiri iliyotoka Dar es Salaam mwaka 2002. Nalistahi sana tendo hilo. Mtu aliyekuwa ameandika juu ya miradi bubu alikaa chini na kubeba mtungi wa mzee wa kisiwani kwake, ili mataifa wanywe.

Nimeambiwa na rafiki zangu washairi kwamba mhusika mwema huchosha, na kwamba waovu ndio wanaokumbukwa. Naona kwamba anayechosha ni mwema wa bure, yule ambaye wema haumgharimu usingizi, mali wala fahari. Adili tunamkumbuka kwa machozi. Myombekere tunamkumbuka akiwa amejitwisha pombe njiani kwa kosa ambalo nusu yake si lake. Rosa tunamkumbuka kwa toba isiyopokelewa. Hesabu ni ileile kwa wote watatu: wema wa mtu wa kubuniwa tunauamini pale tunapoiona bei, na tunapoona kama yupo wa kuipokea.

Sasa nilipe ahadi. Mwaka 2009 nilisikia kwamba yule mzee wa dagaa amefariki. Nilikichukua kitabu, nikapanda basi la Bunda, nikafika Kisorya na kuvuka kwa kivuko hadi Rugezi. Njiani nilitunga maneno ya kujieleza: ujana, umaskini, mapenzi ya vitabu. Binti yake mkubwa alinipokea kwa kuniita mdogo wake. Nilimpa kitabu na kuanza maneno yangu. Alikifuta vumbi kwa ncha ya kanga, akasema, "Baba alijua kiko kwako. Alisema mwacheni, yule anasoma." Kisha akaniuliza kama nimekula. Sikutozwa kitu, na ningefurahi kama ningetozwa. Aliyestahili kunitoza alikuwa amelala chini ya migomba nyuma ya nyumba.

Tangu siku hiyo nakisoma Kichwamaji kwa namna nyingine, na Kitereza namsoma kwa nakala niliyoinunua kwa fedha yangu. Sina pombe ya ndizi ya kuwapelekea jamaa za mzee yule. Nina beti moja niliyoitunga juu ya kivuko wakati wa kurudi, na kwa kuwa nyinyi wa visiwani ndio wenye kanuni, ipimeni:

Wema si kutokukosa, wema ni kurudi nyuma,
Kwa uliyemnyanyasa, ukabisha kwa heshima,
Kulipa pasi kususa, na usidai huruma,
Dhamiri haitalala, mpaka deni lilipwe.

Msomaji mwenye kitabu cha mtu nyumbani na akirudishe wakati mwenyewe yu hai.